Ukiagiza Maajabu, Agiza na Fundi Wake

Siku ya Krismasi mwaka 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib pale Forodhani, Unguja, ilianguka pamoja na mnara wake wa saa. Mafundi walikuwa kazini, wakilikarabati jengo lile lile lililowaangukia. Watu wawili walipoteza maisha. Picha za kifusi zilizunguka kwenye simu hadi huku kwetu Mbozi, ambako wapo wazee wengi ambao hawajawahi kuiona bahari.

Kifusi kile kilikuwa mwisho wa hadithi iliyoanza karibu miaka 140 nyuma. Ni hadithi yenye kumfaa kila anayepanga kuweka jambo la kustaajabisha mbele ya umma, liwe jengo, sanamu, mnara au sanaa ya taa na kompyuta ndani ya uwanja wa ndege. Nitaisimulia kwa ufupi, kisha nitaileta nyumbani.

Sultani Barghash bin Said alilijenga jumba lile mwaka 1883. Nyumba za kuishi alikuwa nazo. Hili lilikuwa la sherehe, na la kuonwa na manahodha na mabalozi hata kabla hawajateremka melini. Barghash hakuwa mpenda anasa tupu. Ndiye aliyeuletea mji wa Zanzibar maji ya bomba, na katika enzi yake, mwaka 1879, kisiwa kiliunganishwa na dunia kwa waya wa simu za maandishi uliolazwa chini ya bahari. Aliiamini teknolojia na alitaka watu waione kwa macho. Basi akaagiza nguzo za chuma ng'ambo, akalizungushia jumba varanda pana ghorofa kwa ghorofa. Ndani kukawa na taa za umeme na lifti, kitu ambacho Afrika Mashariki ilikuwa haijawahi kukiona. Watu wakaliita Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu.

Barghash alifariki mwaka 1888. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zililipiga mizinga eneo la kasri kwa muda usiofika saa moja. Mnara uliokuwa mbele ya jumba ukaharibika, na baadaye mnara wa saa ukajengwa kwenye uso wa jumba lenyewe. Waingereza wakalifanya ofisi za serikali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likatumika kwa shughuli za chama, kisha likawa makumbusho. Kila aliyeingia aliyakuta maajabu ya mwenzake, akayatumia, akampokeza anayefuata. Lifti iliacha kubeba watu zamani. Chumvi ya bahari ikakila chuma, mvua ikapenya paani. Mwaka 2012 kipande cha varanda kilianguka. Fedha za ukarabati mkubwa zilipokuja kupatikana, kwa msaada wa Oman, mwili wa jengo ulikuwa umeshachoka kusubiri.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Methali hiyo imechukulia kwamba yupo mtu ambaye kazi yake ni kuutazama ukuta kila siku. Jumba likipita mikono mingi namna ile, kila mkono hudhani ufa ni wa mkono uliotangulia.

Kwa nini nimeanzia Unguja, ilhali nawaandikia watu wa Mbozi Mission, Vwawa, Mlowo na Tunduma? Kwa sababu nasi sasa tuna lango letu la kuonwa. Uwanja wa ndege wa Songwe ulianza kupokea ndege Desemba 2012, ukachukua nafasi ya uwanja mdogo uliokuwa mjini Mbeya. Njia yake ya kurukia ina urefu wa meta 3,330. Uwanja wenyewe uko upande wa Mkoa wa Mbeya, lakini ndio mlango pia wa Mkoa wetu wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mnunuzi wa kahawa ya Mbozi, mgeni wa hospitali ya misheni, mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuatilia mzigo wake mpakani Tunduma, wote hushukia pale. Mahali kama hapo hapakosi kuzaa wazo la kuweka kitu cha kumkaribisha mgeni. Na wazo hilo likizaliwa, sina shaka litataja kimondo chetu cha Mbozi, kile chuma kilichoanguka kutoka angani.

Tuliwazie wazo lenyewe, maana ni zuri. Kimondo cha bati na vioo kimening'inizwa darini kwenye jengo la abiria. Taa zilizomo ndani yake hubadilika rangi kila ndege inapotua. Skrini ubavuni huonyesha kilivyoshuka kutoka angani, na mgeni akisogea, sauti humsalimu kwa Kiswahili na Kinyiha. Siku ya uzinduzi utepe unakatwa, ngoma zinalia, wakubwa kwa wadogo wanapiga picha. Mimi swali langu ni la mwaka mmoja baadaye, taa za upande mmoja zikiwa zimezima na sauti imekwama kwenye neno moja: nani atapigiwa simu? Na akipokea, atakuwa nchi gani?

Wenzetu wenye fedha kutuzidi wameshapita njia hiyo, na baadhi yao wamelipa ada kubwa ya kujifunza.

Uwanja wa ndege wa Denver, Marekani, ulifunguliwa tarehe 28 Februari 1995, miezi 16 baada ya siku iliyopangwa. Kilichouchelewesha zaidi ni mtambo wa kusafirisha mizigo ya abiria kwa vigari vilivyoongozwa na kompyuta. Mwaka 1994 waandishi wa habari walialikwa waushuhudie ukifanya kazi. Walichoshuhudia ni mabegi yakipasuka na nguo za watu zikitapakaa kwenye reli. Mwaka 2005 ulizimwa moja kwa moja, na mizigo ikarudi kuvutwa kwa matrekta yanayoendeshwa na watu.

Uwanja huo huo una kazi nyingi za sanaa, kwa sababu mji wa Denver tangu mwaka 1988 una utaratibu wa kutenga asilimia moja ya gharama za miradi mikubwa ya ujenzi wa umma kwa ajili ya sanaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mji ulimwagiza mchongaji Luis Jiménez atengeneze farasi wa buluu wa kusimama nje ya uwanja: faibaglasi, urefu wa meta 9 na ushee, uzito wa tani 4 hivi, macho yake taa nyekundu zinazowaka usiku. Mkataba ulikuwa wa dola 300,000. Miaka ikapita, kazi haijaisha. Juni 2006, ndani ya karakana yake huko New Mexico, kipande cha farasi kilimwangukia Jiménez, kikamkata mshipa wa mguu, akafariki. Wanawe na wasaidizi wake wakaimalizia kazi, na Februari 2008 farasi akasimamishwa, gharama ikiwa imefika dola 650,000.

Farasi yupo hadi leo, macho yanawaka, na wapo wanaompenda na wanaomwogopa. Mwenye kuagiza asome hesabu yake kwa utulivu: miaka 15, bei maradufu, na uhai wa mtu. Aone na jambo la pili. Kazi ile ilikuwa kichwani na mikononi mwa mtu mmoja. Isingalikuwa na wanawe na wasaidizi walioijua, ingebaki vipande karakanani.

Sasa tuteremke chini ya uwanja huo huo wa Denver, kwenye handaki la treni inayobeba abiria kutoka jengo moja hadi jingine. Humo ukutani wasanii Antonette Rosato na William Maxwell walifunga propela ndogo za chuma 5,280, idadi sawa na futi zilizomo katika maili moja. Treni inapopita, upepo wake huzizungusha, na abiria wanaona ukuta mzima ukicheza dirishani. Hazina mota wala kompyuta. Nguvu inayoziendesha ipo hapo kila siku kwa sababu treni lazima ipite. Propela moja ikikwama, 5,279 zinaendelea, na hakuna abiria atakayejua. Kwa maoni yangu waliofunga propela zile walifikiri kuliko walioagiza mtambo wa mizigo.

Mtu ataniuliza: je, kazi za kompyuta haziwezi kudumu? Zinaweza, kwa mwenye kuzigharamia. Uwanja wa Changi, Singapore, mwaka 2012 ulifunga kazi iitwayo Kinetic Rain, iliyobuniwa na kampuni ya ART+COM ya Berlin. Matone 1,216 yenye rangi ya shaba yalining'inizwa kwa nyaya nyembamba, yakipanda na kushuka kwa pamoja mpaka ukaona umbo la ndege, la tiara, la wimbi. Kila tone lilikuwa na mota yake iliyofichwa darini. Mgeni aliona matone 1,216. Mhasibu alipaswa kuona mota 1,216, na mtu wa kupanda darini kuzikagua. Changi walikuwa na mtu huyo na mshahara wake. Hiyo ndiyo siri ya uzuri wa kazi ile, na haionekani kwenye picha hata moja.

San José, mji wa California uliozungukwa na kampuni za kompyuta, ulifungua jengo jipya la abiria mwaka 2010 likiwa limejaa sanaa ya namna hii. Mojawapo ilikuwa eCloud, wingu la vipande vya plastiki ngumu vilivyobadilika kutoka uangavu kuwa weupe kwa nguvu ya umeme, vikifuata hali ya hewa ya miji mbalimbali duniani. Kazi kama hiyo inaweza kufa bila kipande chake hata kimoja kuvunjika. Inatosha anayetoa taarifa za hali ya hewa abadili namna anavyozituma, au mtandao ukatike, na wingu litasahau mvua. Mji ule una maelfu ya watu wanaoweza kuandika upya programu yake. Sisi tujiulize tunao wangapi, na kama wanajua kwamba tutawahitaji.

Na hata Ulaya wameaibika. Mwaka 1996 mji wa Dublin, Ireland, ulizamisha saa ya dijitali ndani ya mto Liffey ihesabu sekunde zilizobaki kufika mwaka 2000. Tope na majani ya mtoni vikaifunika, maji yakaingia, namba hazikusomeka, watu wakaicheka. Mwaka haukuisha kabla haijaondolewa. Waliijaribu saa, hawakuujaribu mto.

Basi nasi tuanze na mto wetu, yaani mahali penyewe. Wasafiri wa Songwe wanaujua ukungu wa nyanda hizi. Miaka ya mwanzo, kabla njia ya kurukia haijawekewa taa, ndege ilikuwa inaweza kufika juu ya uwanja na kurudi ilikotoka na abiria wake. Mtu anayeagiza sanaa ya taa kwa uwanja kama huo lazima akumbuke kwamba taa pale ni lugha ya rubani. Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga duniani, kinaweka mipaka ya urefu wa vitu vilivyo karibu na njia za kurukia, na kinataka taa zisizo za usafiri wa anga zinazoweza kumchanganya rubani zizimwe au zizibwe. Sanamu inayometameta nje ya uwanja wenye ukungu inaweza kuwa kosa la usalama kabla hata haijawa kosa la sanaa. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuonyeshwa mchoro awe mkaguzi wa usalama wa anga, na afuate msanii mwingine wa kuutolea maoni. Mgeni rasmi atauona siku yake.

Kisha kuna umeme. Hapa kwetu hupanda, hushuka na hukatika, na masika radi hupiga vilimani. Kuna vumbi jekundu la kiangazi linaloingia hata kwenye saa ya mkononi. Kuna mijusi na sisimizi wanaopenda joto la masanduku ya nyaya. Ukimwita fundi yeyote wa simu pale Mlowo akakufungulia redio iliyokufa, atakuonyesha mambo hayo yote kwenye bamba moja. Mkandarasi wa ng'ambo huyaita ajali. Fundi wetu anayaita Jumatatu.

Tukitafuta mfano wa karibu wa jinsi ya kutunza maajabu, tukitazame kimondo chenyewe. Kiko kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Urefu wake ni kama meta 3, na uzito wake wapo wanaoukadiria kuwa tani 12, wapo wanaosema 16 au zaidi. Asilimia 90 hivi ni chuma, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nikeli. Wenyeji walikijua tangu enzi za mababu. Mwaka 1930 ndipo mpima ardhi W. H. Nott alipokitia kwenye maandishi ya wageni. Wakati huo sehemu yake kubwa ilikuwa imefukiwa. Kikachimbuliwa pande zote na kuachiwa nguzo ya ardhi chini yake, ili mtu akione chote bila kukisogeza. Kingo zake zina makovu ya watu waliojaribu kukikata. Mwaka 1967 kikawekwa chini ya ulinzi wa sheria, na miaka ya karibuni usimamizi wake umekabidhiwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro.

Shimo, nguzo, sheria na mlinzi: hayo ndiyo matunzo yake yote, nayo yametosha. Mtoto wa darasa la tatu akifika pale anaweka kiganja juu ya chuma kilichotoka angani, naye anaelewa bila skrini kumweleza. Anayetaka kukisifu kimondo huko uwanjani asianze kwa kukifanya kitegemee kebo.

Na chuma kwetu si kigeni. Wanyiha, wenyeji wa Mbozi, walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma kwenye matanuru marefu ya udongo, wakikisafisha kwenye tanuru dogo, kisha wakifua majembe, mashoka na mikuki. Mtafiti Beverly Brock na mwenzake waliandika makala juu ya uhunzi huo mwaka 1965. Aliyelijenga tanuru ndiye aliyejua kuliziba likipasuka, na majembe ya viwandani yalipojaa sokoni ndipo matanuru yakapoa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Leo ukipita Tunduma, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, utawaona warithi wa kazi ile: vijana wa kuchomelea, wanaounga chasi ya trela lililokatika katikati na kulirudisha barabarani jioni ile ile. Hawana cheti cha sanaa. Lakini mtu akiwapa mchoro mzuri na msanii wa kukaa nao, wanaweza kuunga kimondo cha vyuma chakavu vya malori ambacho kitasimama hata kama Luku imeisha.

Sisemi hivyo kwa kubahatisha. Nairobi, Kioko Mwitiki alijijengea jina kwa kuunga tembo na wanyama wengine wakubwa kutokana na vyuma chakavu, kwa ufundi wa jua kali. Na kwa anayetaka teknolojia hasa, Kinshasa ina mfano. Mwaka 2013 mhandisi Thérèse Kirongozi na wenzake waliweka njia panda maroboti ya alumini, marefu kuliko mtu, yaliyoongoza magari kwa nguvu ya jua. Watu wakayashangaa na madereva wakasimama. Jambo ninaloliangalia mimi ni kwamba aliyeyabuni alikuwa wa mji ule ule. Roboti likiugua, mganga wake alikuwa umbali wa safari ya teksi.

Kuna mlinzi mwingine ambaye haandikwi kwenye mkataba: mtu anayepita pale kila siku. Mwaka 2024, mji wa Eldoret, Kenya, ulipokuwa ukijiandaa kupandishwa hadhi kuwa jiji, ziliwekwa sanamu za kuwaenzi wanariadha wake. Eldoret ni nyumbani kwa wakimbiaji, na watu wake wanajua mkimbiaji anavyofanana. Walipoziona sanamu wakazicheka mitandaoni, wakachukizwa, na zikaondolewa upesi. Kazi ambayo jirani anaionea aibu haina wa kuilinda. Kazi ambayo mjomba wake aliichomelea, atamfukuza mtu anayeing'oa vipande bila kusubiri polisi.

Nasema nanyi wenye mihuri sasa: wa halmashauri, wa viwanja vya ndege, wa mikoa hii miwili, na wafadhili watakaotaka kuwasaidia. Siku hizi zabuni za serikali hupita kwenye mfumo wa NeST, na ni vizuri. Lakini mfumo hauwezi kumuuliza mzabuni swali ambalo ninyi hamkuliandika. Mkiinunua sanaa kwa fomu ile ile ya kununulia viti, mtaletewa kitu cha kukaliwa. Andikeni, basi, mambo haya kwa maneno yasiyopindika.

Andikeni jina la fundi. Wawe wawili, wakazi wa hapa, wawe kwenye karakana tangu siku kazi inapoanza kutengenezwa. Mafunzo ya siku mbili baada ya uzinduzi, mkandarasi akiwa ameshafunga mabegi, hayahesabiki.

Andikeni fedha za matunzo kabla ya fedha za kazi. Kama mna shilingi milioni 90, agizeni kazi ya milioni 60, na milioni 30 zikae kwenye akaunti yake kwa miaka 10, zisiguswe kwa semina wala kwa mafuta ya magari. Kazi ndogo inayowaka ina heshima kuliko kubwa iliyozima.

Andikeni kwamba michoro yote, orodha ya spea pamoja na mahali zinapouzwa, na maneno ya siri ya kompyuta yatakabidhiwa mbele ya mashahidi kabla malipo ya mwisho hayajatoka. Mtu aliyekuuzia nyumba akabaki na ufunguo, hajakuuzia.

Andikeni na siku ya kufa. Kila kitu chenye kompyuta huzeeka haraka kuliko nguzo inayokishikilia. Mkataba useme baada ya miaka mingapi kazi itakaguliwa, na ikiwa imekwisha ishushwe kwa heshima, msanii aambiwe, watu waelezwe. Aibu iko kwenye kuiacha maiti darini.

Na kabla ya hayo yote, wapeni wazabuni kipimo kimoja. Wakileta mfano wao mezani, uzungusheni, uwasheni, usifuni. Halafu zimeni umeme. Kama kilichobaki bado kinamfanya mtu asimame akitazame, endeleeni kuzungumza nao. Kama kilichobaki ni sanduku jeusi lenye nyaya, waagizieni chai, muwashukuru, muwaage.

Fedha za Barghash hazikuwa tatizo, wala macho yake ya kuona mbali. Alituletea taa kabla ya wengine, na nguzo zake ziliwapokea wageni kwa zaidi ya karne. Kilichokosekana ni mtu aliyeachiwa jumba kama kazi yake ya maisha, mwenye fedha mkononi na amri ya kusema: leo tunaziba ufa huu. Songwe inaweza kuwa na maajabu yake. Lakini kama mkataba hauna jina la fundi, msiusaini. Ukuta mtupu wenye saa inayosema kweli na ubao unaoonyesha ndege inaondoka lini unamfaa abiria kuliko kimondo kilichozima.